Makanisa na makaburi ya kwanza Kilimanjaro: Urithi ulioachwa nje na tarehe ya sheria

MSAFIRI anayepanda kutoka mjini Moshi kuelekea Kibosho, Kilema, Machame au Moshi ya Kale hukutana na minara ya makanisa ikichomoza juu ya migomba kabla hata hajaziona nyumba za watu. Chini ya minara hiyo zipo kuta za mawe, viwanja vya misheni vyenye miti mikubwa ya kigeni, na makaburi ya mapadre, wachungaji na waumini wa mwanzo. Wenyeji huyaita mambo ya kale, na wageni huyapiga picha kwa jina hilo hilo. Sheria ya nchi, hata hivyo, haiyahesabu hivyo moja kwa moja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, inalinda majengo, ngome, makaburi na mabaki mengine yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kilichojengwa baada ya mwaka huo hakina kinga hadi waziri mwenye dhamana atakapokitangaza katika Gazeti la Serikali. Misheni ya kwanza ya kudumu juu ya mlima, ile ya Kilema, ilifunguliwa mwaka 1891. Kwa maneno mengine, imechelewa kwa miaka 28.

Miaka 28 ni michache katika historia ya jiwe, lakini ni mingi mbele ya fundi mwenye nyundo na kamati ya ujenzi inayotaka kanisa kubwa zaidi. Ndiyo maana suala la nini kihesabiwe kuwa urithi linawahusu wakazi wa mteremko huu zaidi ya linavyowahusu wataalamu wa vyuo vikuu.

Ukristo wa mapema Afrika ya Mashariki

Ukilinganisha na sehemu nyingine za Afrika, Kilimanjaro ni mgeni katika Ukristo. Ufalme wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, ulipokea dini hiyo katika karne ya 4 chini ya Mfalme Ezana. Falme za Nubia, katika Sudan ya leo, ziliipokea katika karne ya 6, na makanisa yake yalifunikwa na mchanga kwa karne nyingi. Kanisa kuu la Faras lilichimbuliwa na wanaakiolojia wa Poland kati ya mwaka 1961 na 1964, wakishindana na maji ya bwawa la Aswan yaliyokuwa yakipanda. Picha za ukutani zilizookolewa hapo zimegawanywa kati ya majumba ya makumbusho ya Khartoum na Warsaw.

Katika pwani ya Waswahili, mabaki ya kwanza ya Kikristo ni ya Wareno. Mjini Malindi kipo kikanisa kidogo, pamoja na makaburi, ambacho Fransisko Ksaveri alikikuta mwaka 1542 alipopita akielekea India. Katika Ngome Kongwe ya Unguja yamo mabaki ya kanisa la Wareno, na Waarabu wa Oman waliijenga ngome hiyo juu yake baada ya kuwafukuza. Ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, James Kirkman alichimba na kuweka wazi msingi wa kanisa la askari wa ngome.

Ukristo huo wa Wareno haukupanda bara. Uliobadili historia ya mlima ulianzia Rabai, nyuma ya Mombasa, ambako Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, Wajerumani wawili waliotumwa na chama cha Kiingereza cha CMS, walifungua kituo mwaka 1846. Miaka miwili kabla yake Krapf alikuwa amemzika mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga, upande wa bara mkabala na kisiwa cha Mombasa. Kaburi hilo la mwaka 1844 bado linatunzwa, na limo katika umri ambao hata sheria ya Tanzania ingeukubali, kama lingekuwa upande huu wa mpaka.

Miaka saba ya Rindi

Rebmann aliiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848. Wataalamu wa jiografia huko London walimcheka, wakidai kuwa theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Alifika Kilema, kisha Machame, lakini hakujenga kitu. Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, aliufikia ukingo wa theluji mwaka 1871. Aliporudi safari ya pili alinyang'anywa mali yake katika himaya ya Mangi Rindi wa Moshi, naye akafa akiwa njiani kurejea pwani mwaka 1875. Hao wote walikuwa wapita njia.

Kituo cha kwanza kilianza mwaka 1885. Askofu James Hannington, ambaye miezi michache baadaye aliuawa Busoga, alifika kwa Rindi mwezi Machi mwaka huo, na CMS ikaweka wamisionari wake Moshi. Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, alikuwa mwanasiasa kabla ya kuwa mwenyeji. Alitaka bunduki, mafundi na marafiki wa nje dhidi ya mahasimu wake, hususan Mangi Sina wa Kibosho. Wazungu wenye Biblia walikuwa sehemu ya hesabu hizo.

Rindi alifariki dunia mwaka 1891, na mwanawe Meli akashika umangi. Mwezi Juni 1892 wapiganaji wa Meli waliwashinda Wajerumani na kumuua kamanda wao, von Bülow. Utawala wa Kijerumani uliwatuhumu wamisionari wa Kiingereza kuwa upande wa Mangi, na mwaka huo huo wakaondoka na kuhamia Taveta, upande wa Waingereza. Misheni ya miaka saba ikaisha hivyo.

Kwa mwanahistoria, hiyo ni sura fupi ya kupita. Kwa mwanaakiolojia ni jambo la thamani ya pekee. Kituo kilichokaliwa kwa miaka michache, kikaachwa ghafla, huhifadhi ardhini picha ya wakati mmoja: vigae vya vyombo, vifungo, shanga, misumari, mashimo ya nguzo. Mahali palipokaliwa bila kukatizwa kwa karne nzima huchanganya kila kitu. Mlima huu si mgeni kwa uchunguzi wa namna hiyo. Knut Odner wa Norway alichapisha mwaka 1971 matokeo ya utafiti wake Kilimanjaro, yaliyohusu vyungu vya zama za mwanzo za chuma na mabakuli ya mawe ya kale zaidi. Lakini wanaakiolojia wa Afrika ya Mashariki, na hili linaeleweka, wamependa zaidi Olduvai na Kilwa kuliko mashimo ya nguzo za nyumba ya mmisionari.

Kilema, Kibosho, Machame

Wakatoliki walifika kupitia Bagamoyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa na misheni huko tangu mwaka 1868, na mwaka 1890 Askofu Jean-Marie de Courmont, akiwa na mapadre Alexandre Le Roy na Auguste Gommenginger, alipanda mlimani kutafuta mahali. Walipokewa na Mangi Fumba wa Kilema, na misheni ikaanza hapo mwaka uliofuata.

Kibosho ilifuata mwaka 1893, na mazingira yake yalikuwa mengine kabisa. Mwezi Februari 1891 jeshi la Hermann von Wissmann lilikuwa limeivamia na kuiteka ngome ya Mangi Sina, ambayo kuta zake za mawe ziliwashangaza hata maofisa wa Kijerumani. Wajenzi wa mawe, kwa hiyo, walikuwapo Kibosho kabla ya padre wa kwanza. Jambo hilo husahauliwa na wanaosimulia kwamba ufundi wa kuta za mawe ulikuja mlimani pamoja na misheni. Kilichokuja na misheni ni chokaa, tao, vioo na kengele, na namna ya kuviunganisha vyote katika jengo moja refu. Mwaka 1898 ikafuata misheni ya Rombo.

Walutheri wa Leipzig waliingia mwaka 1893 kuziba pengo lililoachwa na CMS. Walikuwa wamekusudia Moshi, lakini vita vya Meli vilikuwa vimemalizika miezi hiyo hiyo, ndipo wakaanzia Machame, katika himaya ya Mangi Shangali, mahali panapoitwa Nkwarungo. Wakafungua Mamba mwaka 1894, na Moshi, katika kijiji cha Kidia, mwaka 1896. Kidia ndiko alikofanya kazi kwa miaka mingi Bruno Gutmann, mchungaji aliyefika nchini mwaka 1902 na kuandika vitabu vikubwa juu ya sheria na desturi za Wachagga. Alikaa mlimani hadi mwaka 1938, ukiondoa miaka ambayo Wajerumani walizuiwa kurudi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kutoka Mamba, katika kijiji cha Kotela, alitoka Stefano Moshi, aliyezaliwa mwaka 1906 na kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Walutheri wa Tanganyika.

Jina lenyewe la Moshi ya Kale linatokana na reli. Njia ya Usambara kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, mji mpya ulikua kandokando ya stesheni, na ule wa juu, penye boma, umangi na kanisa, ukabaki na neno "kale". Hivyo ndivyo Kidia ilivyonusurika na majengo ya ghorofa. Mji uliihama.

Makanisa haya yalianza kwa miti na udongo, yakaezekwa kwa nyasi au majani ya migomba. Kisha yakaja mawe ya mtoni na chokaa, na baadaye mabati. Mara nyingi jengo linaloonekana leo ni la pili au la tatu mahali pale pale, na lile la kwanza limo chini ya sakafu yake au chini ya uwanja wa watoto. Kwa sababu hiyo tarehe iliyoandikwa juu ya mlango huweza kumaanisha mwaka wa misheni, mwaka wa jengo, au mwaka wa ukarabati.

Kaburi la kihambani

Makanisa yanaonekana. Makaburi ndiyo yenye habari nyingi zaidi, na ndiyo yasiyoangaliwa.

Kabla ya misheni, Wachagga hawakuwa na viwanja vya makaburi. Gutmann, na pia Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyechapisha kitabu juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924, waliandika kwamba mzee mwenye watoto alizikwa ndani ya nyumba, uso wake ukielekezwa Kibo. Muda ukipita, mifupa ilifukuliwa, na fuvu likahamishiwa kwenye migomba ya kihamba, mahali pa heshima palipozungushiwa masale. Hapo wazee walimimina mbege na kuzungumza na waliotangulia. Aliyekufa bila mtoto hakupewa heshima hiyo. Taratibu zilitofautiana kutoka umangi mmoja hadi mwingine, lakini msingi ulikuwa mmoja: marehemu hakuondoka nyumbani.

Misheni ilikuja na desturi nyingine. Mwili uzikwe mara moja, usifukuliwe tena, uwekwe msalaba, na kwa wengine uwekwe pamoja na Wakristo wenzake karibu na kanisa. Wamisionari na mapadre walizikwa katika viwanja vya misheni. Waumini kwa sehemu kubwa hawakukubali kuacha kihamba. Walikubali msalaba na sala, wakakubali jeneza, lakini kaburi likabaki kwenye migomba, mara nyingi likiwa na masale pembeni. Ndiyo hali iliyopo hadi leo, na ndiyo sababu Mchagga aliyefariki Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo husafirishwa kurudishwa nyumbani kuzikwa, kwa gharama ambazo familia huchangishana kwa wiki nzima.

Masale yenyewe yanastahili neno. Mmea huo ndio mpaka wa shamba, ndio alama ya amani, na jani lake likifungwa na kupelekwa kwa aliyekosewa, haifai kukataa msamaha. Anayekuta duara la masale makongwe katikati ya kihamba, bila nyumba wala jiwe karibu, ana sababu ya kusimama kabla ya kupiga jembe. Mbao huoza na udongo hutelemka na mvua, lakini masale huendelea kuchipua.

Lipo swali moja ambalo mtu mwenye dira na daftari angeweza kulifanyia kazi bila kuchimba hata sentimita moja. Mazishi ya Kikristo ya Ulaya kwa desturi humlaza marehemu kichwa kikiwa magharibi ili auelekee upande wa mashariki. Mazishi ya kale ya Kichagga yalimwelekeza Kibo. Huko Kidia, Kilema au Kibosho, Kibo ipo kaskazini. Huko Rombo, upande wa mashariki ya mlima, Kibo ipo magharibi, na hivyo kuelekea Kibo na kuelekea mashariki ni pande zinazopingana moja kwa moja. Makaburi ya kwanza ya Wakristo wa Rombo yameelekea wapi? Kupima makaburi ya vizazi vitatu katika vihamba vichache kungeonyesha ni lini, na kwa familia zipi, mlima ulimwachia nafasi msalaba, au kama uliwahi kumwachia kabisa.

Kaburi la kihambani lina kazi nyingine ya dunia hii. Katika migogoro ya ardhi, ambayo katika mteremko wenye watu wengi kiasi hiki haiishi, kaburi la babu ni ushahidi wa ukazi. Ndiyo maana familia nyingi huyajengea upya makaburi ya wazee wao kwa saruji na vigae. Nia ni njema, na matokeo ni kwamba alama ya awali, iwe jiwe lisilochongwa au msalaba wa mti wenye maandishi ya mkono, huondolewa kabisa na kuwekwa bamba jipya lenye tarehe za kukisia.

Makaburi yenye damu

Si makaburi yote ya mwanzo yanayosimulia imani tulivu. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Karl Segebrock na Ewald Ovir, walitoka Kilimanjaro kwenda kufungua kituo Meru. Waliweka mahema yao Akeri. Karibu nao alikuwa amepiga kambi Kapteni Kurt Johannes akiwa na askari na wapiganaji wa Kichagga, na Wameru na Waarusha hawakuona tofauti kati ya kambi hizo mbili. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba walishambulia, na wamisionari hao wakauawa pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Johannes alilipiza kisasi kwa kuua watu wengi, kuteka mifugo na kuchoma makazi. Makaburi ya wamisionari hao wawili yapo Akeri hadi leo na yanaheshimiwa na Walutheri. Wameru na Waarusha waliouawa katika kisasi hicho hawana bamba lenye majina yao.

Miaka minne baadaye zamu ilikuwa ya Moshi. Tarehe 2 Machi 1900, katika Moshi ya Kale, Wajerumani waliwanyonga Mangi Meli na viongozi wenzake, wote wakiwa 19, miongoni mwao Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha. Kwa mujibu wa masimulizi ya familia, kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kanisa la Kidia na mahali pa kunyongea vimo katika Moshi ya Kale hiyo hiyo. Anayeitembelea sehemu moja akaacha nyingine amesikia nusu ya habari.

Suala la mafuvu limekwisha kutoka katika masimulizi na kuingia maabara. Taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali mjini Berlin ilichunguza mafuvu 1,135 yaliyokusanywa Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni. Kati ya hayo, 904 yalihusishwa na Rwanda, 202 na Tanzania na 22 na Kenya. Mwezi Septemba 2023 ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha mafuvu matatu na ndugu walio hai hapa nchini. Moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na lilitambuliwa kuwa la mshauri wa karibu wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa hayo matatu. Mwezi Novemba mwaka huo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi mjini Songea kwa maovu ya wakati wa Maji Maji.

Kwa watu ambao wazee wao waliyaweka mafuvu ya mababu katikati ya masale ili wazungumze nayo, fuvu lililowekwa namba na kukaa kabatini zaidi ya miaka 120 ni jambo linalozidi wizi. Ni mazishi yaliyokatizwa.

Nani alinde nini

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1987, lakini kwa sababu za asili tu: kilele, barafu, misitu. Hadhi hiyo inaishia msituni. Vihamba, misheni na makaburi vipo chini ya mstari huo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeutambua mfumo wa kilimo cha kihamba huko Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo, hatua nzuri inayohusu migomba, kahawa na mifereji. Makaburi yaliyomo ndani ya migomba hiyo hayakutajwa kama sababu.

Njia ya kisheria ipo. Waziri wa Maliasili na Utalii, ambaye ndiye mwenye dhamana ya mambo ya kale, anaweza kulitangaza jengo au eneo lolote lenye umuhimu hata kama limejengwa baada ya mwaka 1863. Ni kwa njia hiyo majengo ya wakati wa Wajerumani yamepata ulinzi katika miji mingine. Ugumu upo kwa wenye mali. Kanisa lililotangazwa kuwa kumbukumbu haliwezi kubomolewa wala kubadilishwa bila kibali, na usharika wenye waumini mara tatu ya viti vyake hauna hamu ya kuomba kibali cha kuongeza ukuta. Waumini hao ndio waliorithi jengo, ndio wanaolichangia, na ni haki yao kutaka nafasi ya kukaa. Mtaalamu anayewaambia wabaki nje kwenye mvua kwa ajili ya historia hatasikilizwa, na hastahili kusikilizwa.

Bagamoyo wamelitatua jambo hilo kwa namna inayofaa kuangaliwa. Kanisa la kwanza la misheni, lililoanzwa kujengwa mwaka 1872, ndilo lililoupokea mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874 kabla haujasafirishwa kwenda Zanzibar na Uingereza. Mnara wake umebaki umesimama, kanisa kubwa zaidi likajengwa kando yake kati ya mwaka 1910 na 1914, na makaburi ya wamisionari yakaachwa mahali pake. Watalii hufika kwa ajili ya mnara, waumini huenda kwenye kanisa jipya, na hakuna anayemzuia mwenzake.

Panapokosekana kiwanja cha pili, na juu ya mlima ardhi ni haba, yapo mambo madogo yasiyohitaji tangazo la waziri. La kwanza linahusu saruji. Kuta za mawe zilizojengwa kwa chokaa hupumua, maana yake unyevu huingia na kutoka. Zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hubaki ndani, chokaa hulainika, na ukuta huanza kutoa tumbo. Katika ukanda wa migomba unaopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, hilo halichukui miaka mingi. Fundi huonekana amelifanya kanisa kuwa jipya, kumbe ameliandalia kuanguka. Lipu ya chokaa ni nafuu, na mafundi wa pwani hawajaisahau.

La pili ni kuandika. Bamba la kaburi linalosomeka mwaka huu huenda lisisomeke baada ya miaka kumi. Mwanafunzi wa sekondari mwenye simu ya kamera anaweza kupiga picha makaburi yote ya kiwanja kimoja cha misheni kwa Jumamosi moja, akayapa namba na kuyaandika katika daftari la usharika. Kabla ya kubomoa ukuta, ni siku moja tu kuupima na kuuchora.

La tatu ni kuulizia kilichokwisha kuhifadhiwa kwingine. Nyaraka za misheni ya Leipzig zinatunzwa Halle, Ujerumani, na za mapadre wa Roho Mtakatifu zipo Chevilly-Larue, Ufaransa. Picha nyingi za Walutheri wa Kilimanjaro tangu miaka ya 1890 zimewekwa katika mtandao na Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama bila malipo. Kumo makanisa ya nyasi, harusi, shule, na nyuso za watu waliopigwa picha bila jina kuandikwa chini. Baadhi ya majina hayo bado yapo vichwani mwa wazee wa Machame, Mamba na Kidia, na kila mwaka wapo wanaozikwa nayo kihambani.